Mwanamke Aliyelala Kanisani

Mimi ndiye yule mwanamke aliyelala kanisani. Wazee wachache waliobaki upande wa Kaptagat bado wanalitaja jambo hilo, na vijana wao wakiniona wanacheka chini chini wakidhani nitaona haya. Sioni haya hata kidogo. Nina mambo machache ya kujivunia hapa duniani: chapati zangu, sauti yangu ya kuongoza nyimbo kabla meno hayajaniaga, na usingizi ule. Ukiniambia nichague moja, chapati na sauti utazichukua wewe.

Nililala wakati wa mahubiri, kwenye benchi la mbele la wanawake, nikakoroma mpaka walio nyuma wakanyoosha shingo. Kabla ya hapo sikuwa nimelala usingizi wa kweli tangu mtoto wangu wa tatu azaliwe, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshaanza kuota meno.

Enzi hizo tulikuwa wageni katika nchi ile ya juu. Tulitoka magharibi, kwenye vilima vya mawe ambako mashamba ya baba yalikuwa yamegawanywa hadi yakaisha. Mume wangu alipata kazi kwa Kaburu mmoja, mzungu mwenye shamba, kuendesha ng'ombe wa plau, wale wanaofungwa wawili wawili kwenye mnyororo mrefu. Alikuwa hodari. Aliwaita ng'ombe wake mmoja mmoja, nao walimsikia kuliko walivyousikia mjeledi. Kwa kazi hiyo tulipewa mahali pa kujenga kibanda kwenye laini ya wafanyakazi, kipande cha kulima, na posho. Mji wa Eldoret sote tuliuita Sisibo, na kwenda Sisibo lilikuwa jambo la kupigia viatu rangi, kwa aliyekuwa na viatu. Baridi ya huko juu haina adabu. Inaingia nyumbani bila hodi na inakaa mpaka ichoke yenyewe.

Watoto wangu wawili wa kwanza niliwazika kwenye nchi ile. Mmoja alichukuliwa na kichomi. Wa pili sijui mpaka leo alichukuliwa na nini. Nilimnyonyesha jioni, akacheka, nikamlaza kwenye ngozi, nikamfunika, na mimi nikalala. Asubuhi nilipomgusa hakuwepo tena.

Kwa hiyo alipokuja wa tatu, msichana, niliamua kwamba huyu hatagusa chini. Mchana alikaa mgongoni mwangu. Jua likizama nilimhamishia kifuani, nikakaa nimeegemea nguzo ya nyumba, kiganja changu kwenye mbavu zake nisikie zinavyopanda na kushuka. Nikisinzia nilishtuka. Nikishtuka nilimtikisa, naye alilia, na mimi nilishukuru kumsikia akilia. Mume wangu alisema nitamuua mtoto kwa kumwamsha. Nilimwambia aende akazungumze na ng'ombe wake.

Asubuhi niliingia shambani kuchuma pareto pamoja na wanawake wengine, kikapu tumboni, mtoto mgongoni. Maua yale meupe yakipigwa na jua yanachoma macho hata ya mtu aliyelala vizuri. Mimi niliyaona yakielea.

Na nilikuwa mtu wa kuomba, usidhani sikuwa. Katika laini yetu mimi ndiye mwanamke wa kwanza kubatizwa, na wa kwanza kusoma Neno kwa macho yake mwenyewe, mbele ya wanaume waliokuwa darasani kabla yangu. Nilikuwa nikiomba kila mstari wa pareto. Maombi yangu yalikuwa neno moja tu: niachie. Mungu, huyu niachie. Nilimshika Mungu shati nikamwambia hivyo asubuhi na jioni, na bado sikupata hata dakika ya kupumua.

Mwinjilisti wetu alikuwa mwenyeji wa nchi ile. Babu zake walilisha ng'ombe pale kabla seng'enge ya Kaburu haijafika. Alfajiri alikamua ng'ombe wa shamba, na Jumapili alituhubiria katika kanisa letu la udongo lililoezekwa kwa nyasi, kando ya miti ya miwati. Alikuwa mtu mwema na mkali, wa kufunga vifungo vyote vya koti. Mila hakuzitaka hata kuzisikia. Alipenda sana kuhubiri juu ya pumziko analotoa Mungu, nami nilipenda sana kukasirika anapolihubiri, kwa sababu yeye watoto wake wote walikuwa hai.

Ndipo mama mkwe wangu akafika. Habari za makaburi mawili zilikuwa zimemfikia nyumbani, na alipopata lifti ya lori mpaka Sisibo akamalizia kwa miguu, kuku jike mwekundu akiwa kwapani. Nilifurahi kumwona kuku. Akanikata macho.

"Huyu si ya kula," akasema. "Huyu ako na kazi."

Kwa kuwa kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, alipata pa kulala kwa ajuza mmoja wa kwetu aliyekuwa jirani. Wawili hao walikaa siku kadhaa wakinong'onezana. Kisha mama mkwe akanijia nikiwa nasonga ugali, mtoto mgongoni kama kawaida.

"Mwanangu, unajua vile tunafanya kwetu, mama akizika hivi. Mtoto analazwa kwa jaa, juu ya majivu, asubuhi mapema. Sisi tunageuza mgongo. Mtu wa nje anapita, anaokota. Basi kifo ikikuja kuuliza, inaambiwa hapana, huyu si wa hii nyumba, huyu aliokotwa. Halafu tunaenda na kuku, tunamkomboa, anaishi."

"Mama, mimi nimebatizwa."

"Sijakuuliza habari yako. Nauliza habari ya mtoto."

"Huyu hatashuka chini, Mama. Si kwa majivu, si kwa kitanda, si kwa mkeka."

Habari kwamba nimemkatalia mama mkwe zilizunguka laini nzima, na wanawake wa kanisa wakanijia kunisifu kwa imani yangu. Mmoja aliniletea maziwa. Niliyanywa. Mama mkwe alingoja waondoke.

"Wewe hukukataa juu ya Mungu," akasema. "Ulikataa juu ya mikono yako. Haiwezi kuachilia."

Nilikasirika siku nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Baada ya hapo mwili uliniangusha. Nilikuwa katikati ya mstari wa pareto, nikaona maua yanapanda juu na mbingu inashuka, na jambo la mwisho nililofanya kwa akili zangu ni kujitupa kifudifudi ili nisimlalie mtoto. Nyapara alipiga kelele, "Wewe mama, amka, kazi iko!" Wanawake walimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, wakanibeba mpaka nyumbani. Wakafungua shuka, wakamchukua mtoto, nami sikujua. Mama mkwe alikaa naye mlangoni akimlisha uji huku mimi nikiwa pale kwenye ngozi kama gogo.

Kulipopambazuka mume wangu alikwenda kufunga ng'ombe. Mama mkwe aliona nafasi yake imefika. Walikuwa wameshapatana na yule ajuza: ukisikia jogoo wa nyumba ya kwanza, pita njia ya jaani kana kwamba unaenda kuni. Akamfunika mtoto vizuri kwa shuka yangu, akamlaza juu ya majivu makavu, akarudi nyuma ya nyumba na kugeuza mgongo, maana mila inakataza kutazama na inakataza kuitika.

Lakini ajuza hakufika. Nyapara alikuwa amemkamata njiani akamtuma kuchota maji ya kuoshea mikebe ya maziwa, na kwa nyapara hakuna kusema naenda kuokota mtoto. Aliyepita njia ya jaani, akitoka kukamua, ni mwinjilisti wetu.

Mtu wa kwetu angeelewa mara moja. Mtoto msafi, shuka nzuri, majivu yaliyosawazishwa: angemwokota, angepiga kigelegele na kungoja kuku wake. Lakini huyu alikuwa mwenyeji, mtu wa milimani, na alichokiona ni mtoto aliyetupwa. Akaita kwa sauti, "Nani ako hapa? Huyu mtoto ni ya nani?" Mama mkwe alisikia sauti, hakungoja kujua ni ya nani. Akaziba masikio kwa vidole ili asije akaitika. Mwinjilisti akapiga magoti kwenye majivu na suruali yake, akaomba, akamweka mtoto ndani ya koti lake, akaenda naye kwake ng'ambo ya kijito, ambako mke wake alikuwa akinyonyesha.

Mama mkwe aligeuka, akaona jaa tupu, akafurahi. Akaingia ndani kuchemsha uji. Uji ulikuwa unachemka ajuza alipotokea na debe kichwani, akamwuliza, "Haya, mtoto ako wapi?"

Kilichoniamsha ni ukimya wa wanawake wale wawili. Niligusa mgongo, nikagusa kifua, nikatazama uso wa mama mkwe. Nilitoka mbio bila leso kichwani, na kitu kimoja tu kilikuwa kinaniita masikioni: fisi. Nchi ile ilikuwa na fisi. Nilizunguka jaa nikitafuta nyayo za mnyama, nikaona nyayo za mtu, na alama za magoti mawili. Nilizifuata nyayo mpaka kijitoni, nikavuka bila kupandisha nguo.

Nilimkuta mtoto wangu kwenye titi la mke wa mwinjilisti, ameshika kidole chake, anakunywa kama anayelipwa. Nilinyoosha mikono. Mwinjilisti alisimama kati yetu.

"Mama haezi kuweka mtoto wake kwa majivu," akasema. "Kama ni wako, nani aliweka?"

Papo hapo mama mkwe aliingia akihema, kuku mwekundu kwapani. Alipomtambua aliyeokota, macho yake yaling'aa. Hata yeye hakuwa ameota bahati kubwa hivyo. Mtu wa kabila lingine, asiyejua lolote, tena mwanamume! Alimnyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Asante, baba. Umeokota vizuri. Pokea."

Basi kila kitu kikajulikana. Mwinjilisti alirudi nyuma kana kwamba amepewa nyoka. Alisema hataki kuku wa mila. Mama mkwe alisema asipopokea, mtoto hajakombolewa, na hawezi kurudi nyumbani. Mmoja anasukuma kuku, mwingine anasukuma kuku, na kuku anapiga kelele kwa niaba ya wote. Nilimchukua mtoto wangu, nikamfunga mgongoni, nikatoka, nikawaacha na kuku wao.

Sasa nilikuwa mbaya kuliko zamani. Niliifunga shuka mafundo mawili. Nikawa hata maji ya kunywa nayanywa nimesimama. Na habari ikaja kwamba Jumapili, kabla ya ibada, wazee wa kanisa watakaa chini ya miwati kunihoji, na kwamba naweza kuondolewa kwenye meza ya Bwana kwa sababu ya mambo yaliyofanyika nyumbani kwangu.

Jumapili nilivaa gauni langu jeupe, nikaenda nimeinua kichwa. Mume wangu alikuwa pembeni yangu, na mama mkwe nyuma na kuku wake, maana alikataa kumwacha. Wazee walikaa kwenye magogo. Mwinjilisti alisema aliyoyaona, bila chuki, mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi kutumikia kanisa ambalo watoto wake wanalazwa jaani ili kifo kidanganywe.

Mke wake alikuwa amekaa na wanawake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alisimama.

"Baba watoto, kwanza waambie jina yako ya nyumbani. Waambie inatoka wapi."

Mwinjilisti akashika kifungo cha koti. Wazee wa milimani wakaanza kutazama viatu vyao. Mmoja akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Sisi wa magharibi hatukuelewa, mpaka mama yule akatueleza: kwao pia, mama akizika watoto mfululizo, mtoto anayefuata analazwa kidogo kwenye mlango wa shimo la fisi, kisha anachukuliwa, na jina la fisi linabaki naye maisha yote. Mwinjilisti wetu mkali, na koti lake la vifungo vyote, alikuwa mtoto wa shimo la fisi.

Ningeweza kucheka. Sikuweza, kwa sababu niliona uso wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, na aliponitazama tena alikuwa mtu mwingine.

"Mama yangu alizika wanne kabla yangu," akasema. "Sikuwa nafikiria yeye. Mimi nilifikiria tu hiyo shimo." Akanisogelea. "Mama, mimi nikiokota huyu mtoto niliomba. Nilisema, Mungu, huyu si wangu, sijui ni wa nani, kwa hivyo ni wako. Ukimtaka hapa, mtunze hapa. Na mimi moyo yangu ilitulia, hata nikapita kijito bila kuogopa. Wewe umewahi kuomba hivyo?"

Nilitaka kumjibu vikali. Nina ulimi, na nilikuwa nimeandaa maneno tangu siku ya kuku. Lakini swali lilikuwa la haki. Nilikuwa nimeomba kuliko wote waliokaa pale, na hata mara moja sikuwa nimesema ni wako. Nilisema niachie. Mama mkwe alitaka tujifanye mtoto si wetu ili kifo kipotee njia. Huyu naye alikuwa ananiambia mtoto kweli si wangu, na kwamba aliye mwenyewe hafichwi wala hadanganywi. Nikaona mama mkwe alikuwa ameshafika nusu ya njia kabla yangu mimi niliyebatizwa.

Wazee hawakunitoa mezani. Waliinuka wakaingia kanisani, nasi tukawafuata. Ila mimi sikwenda kukaa. Nilisimama mbele ya watu wote na kufungua fundo la kwanza, kisha la pili. Vidole vilikataa, nikavilazimisha. Nilimweka mtoto mikononi mwa mke wa mwinjilisti na nikasema kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye miwati:

"Mungu, huyu ni wako. Nilikuwa nakunyang'anya. Mchunge wewe, mimi nimechoka."

Hakuna aliyenifundisha maombi hayo, na sijapata kusikia bora zaidi. Najivuna, ndiyo. Nilikuwa mwanamke wa kuchuma pareto, niliyeanguka shambani mbele ya nyapara, na niliweza kufanya jambo ambalo wafalme hawaliwezi.

Nilikwenda kukaa. Mgongo ulikuwa na baridi, mikono haikujua iwekwe wapi. Nilingoja hofu inijie, na nilikuwa nimeshajiandaa kuruka na kumchukua. Mwinjilisti akaanza kuhubiri juu ya pumziko. Nasikia yalikuwa mahubiri mazuri sana.

Wengine wananiuliza kama nilipata uhakika kwamba ataishi. Sikupata. Baadaye alipatwa na surua, akapona, na leo ni bibi mwenye wajukuu, mkaidi kama mimi. Aliyemfuata hakupona. Nilimlilia mpaka sauti ikakauka, nikamzika, na baada ya kuzika nililala, kwa sababu nilijua nimemrudisha kwa nani. Uhakika ni kitu kingine. Mimi nilipewa pumziko, na sijawahi kulirudisha.

Jumapili ile nilipofumbua macho, mabenchi mengine yote yalikuwa matupu. Nilikuwa nimelazwa kwenye benchi, koti lenye vifungo vyote limekunjwa chini ya kichwa changu. Nje, kwenye miwati, waumini walikuwa wakimalizia wimbo wa mwisho kwa sauti ya chini ili wasiniamshe. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa maisha yake yote, alikuwa amekaa sakafuni kando yangu, mikono mitupu, anatafuna jani.

Niliruka. "Mtoto ako wapi?"

"Ako kwa mwenyewe," akasema, akaonyesha mbele kwa kidevu. Juu ya meza ya sadaka, ndani ya kikapu kikubwa cha kukusanyia mazao, mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Chini ya meza, amefungwa mguu kwa kamba, kuku mwekundu alikuwa anadonoa mahindi ya waumini.

"Na kuku je?"

"Kuku pia ako kwa mwenyewe. Nimemtoa sadaka. Sasa huyo mtu ya fisi atakataa aje?"

Nilimtazama mtoto wangu kwa mbali, kutoka pale nilipokuwa. Sikwenda kugusa mbavu zake. Nikageukia upande wa pili, nikalala tena.